Kiti cha Mama Mkwe Hakikauki

Niliposhuka garini mbele ya kanisa, Jumapili ya kwanza ya Majilio, kwaya ilikuwa imejipanga mlangoni ikingoja kuingia. Nikawapa mgongo ili niufunge mlango wa gari taratibu, maana gari lilikuwa la mkwe wangu, na mlango wa mkwe haubamizwi. Nyuma yangu kwaya ikanyamaza. Si kunyamaza kwa ibada. Kunyamaza kwa ibada nakujua, daima kuna mtu anakohoa. Huku hakukuwa na kikohozi hata kimoja.

Mara Gatulida, jirani yangu, akanijia mbio kwa ile miguu yake ya matege, akavua shali yake na kunifunga nayo kiunoni.

"Eresi, usigeuke. Tembea."

"Kuna nini?"

"Tembea kama mtu aliyejikwaa kidole. Tembea nakwambia, we bibi!"

Nikapitisha mkono nyuma. Busuti yangu ya rangi ya maziwa, ile niliyoishonea ubatizo wa kitukuu, ilikuwa chepechepe kuanzia kiunoni hadi mapajani. Msiniulize kwa nini sikuhisi nikiwa garini. Anayeijua busuti anajua kwamba ni kitambaa cha kutosha kuvalisha nyumba nzima mapazia, na chini yake kuna shuka nzito tunayojifunga ili nyonga zionekane zipo. Maji yakiingia humo huchukua muda wao kama mgeni anayevua viatu. Na nguo ya rangi ya maziwa ikilowa, jamani, haibaki rangi ya maziwa.

Nikaimba zaburi nimesimama. Wenzangu walipokaa, mimi nilisimama. Mchungaji alidhani nimeguswa na Roho.

Sasa niwaeleze nilivyokaa ndani ya gari lile, maana kisa chote kimekalia hapo. Kwetu Buganda mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawali chungu kimoja, wala mmoja hakalii alipokalia mwenzake. Wakikiuka, mmoja hupata ugonjwa wa ukwe: mikono inatetemeka mpaka kikombe cha chai kinajimwaga chenyewe. Vijana wanacheka. Wacheke. Mimi nilimwona Mzee Kalyesubula akishindwa kufunga kifungo cha shati, na kijiji kizima kilijua alipitia mlango gani.

Basi mkwe wangu Ssekabira huketi mbele kulia kwenye usukani. Binti yangu Proskovia, mkewe, huketi kushoto kwake. Mimi nawekwa nyuma kushoto, pembe iliyo mbali kuliko zote, tena mgongoni kwa Prosi ili hata kioo kisituonyeshe nyuso. Pembe ile ikawa yangu kabisa. Ssekabira hakuigusa. Watoto wakikaribia, anawaambia, "Hapo pa mama." Gari likipelekwa kuoshwa, yeye husimama mbali na kukionyesha kile kiti kwa kidevu, na waoshaji, ambao nao wana mama wakwe, hupitisha tambara juujuu na kwenda zao. Nadhani hakuna kiti cha mfalme kilichoheshimiwa kuliko kile.

Naye Ssekabira, Mungu alivyo na mzaha, anauza magodoro. Ana duka kule sokoni Kikuubo. Ukimletea godoro ananusa mara moja, anakutajia kilichomwagika juu yake na umri wa aliyekimwaga.

Kabla ya Jumapili ile tulikuwa tumetoka mazishini Masaka. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, na pale barabarani wanawake walikuwa wanawauza kwa mifuko, wazima, wanarukaruka. Nikanunua mfuko mzito. Nikauweka mapajani, nikaanza.

"Mama," Prosi akasema bila kugeuka, "usiwanyonyolee humu."

"Nani ananyonyoa? Nawahesabu miguu."

"Mama! Mabawa yanaruka mpaka huku mbele!"

"Basi nifungulie hilo dirisha la paani. Upepo utayachukua."

Akabonyeza, kioo cha paani kikarudi nyuma, na kweli upepo ukayachukua. Mabawa yalipanda juu kwa furaha kama roho za watakatifu, mengine yakatoka, mengine yakazungukazunguka pale juu. Nikanyonyoa mpaka njia panda ya Mpigi. Ssekabira akakohoa. Mkwe wangu akiudhika hukohoa. Ndiyo lugha pekee tunayoongea yeye nami bila mkalimani.

Ndiyo hayo. Jumapili iliyofuata nikalowa.

Nikajiambia ni umande, ni chupa ya mtoto, ni shetani. Lakini wiki iliyofuata walikuja kunichukua twende kwenye shukrani ya ndugu mmoja huko Gayaza, na nilipoinua mguu kuingia nikakuta kiti changu kimetandikwa nailoni. Ilikuwa nailoni nene, mpya, ile inayovalishwa godoro likiwa dukani. Nikakaa. Ikapiga kelele: chakacha! Nikihema, chakacha. Gari likikata kona, chakacha. Prosi aliwasha redio. Mkwe wangu alikohoa, lakini kikohozi hiki kilikuwa laini, kama cha mtu anayepita mlangoni kwa mgonjwa.

Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Tulipoanza kupanda kilima cha kwa yule ndugu nikahisi ubaridi umeniingia, na safari hii haukuwa na pa kwenda. Nailoni ilikuwa imeushika kama bwawa, nami niko katikati kama bata.

Niliposhuka, Ssekabira alikuwa amekwisha kunitangulia kwa watu. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wanaume waliokuwa chini ya hema, kwa sauti kubwa, "Gari langu hili linavuja sana! Mama amelowa, mpisheni aende kukauka."

Wakaitikia, "Eh, magari haya." Wakatikisa vichwa. Mmoja akampigapiga bega mkwe wangu akamwambia polepole, "Una moyo, bwana. Mungu akulipe."

Hapo ndipo nilipokufa. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Akikusitiri, unamjibuje? Mkwe wangu alikuwa anasema uongo kwa ajili yangu, kila mtu alijua ni uongo, na kila mtu alimpenda kwa uongo ule. Aibu yangu ilikuwa inamjengea jina.

Nikaanza kujichunguza kama mwizi. Nikaacha chai. Mimi, ambaye marehemu mume wangu alisema nikifa nizikwe na birika! Kwenda kulala nalala koo kavu. Asubuhi nanyanyuka, napapasa mkeka: mkavu. Nakaa kwenye kigoda kutwa nzima namenya ndizi: kikavu. Ile busuti niliinusa. Mkojo naujua, nimelea watoto tisa na mume mmoja mlevi. Busuti ilinuka mbwa aliyenyeshewa.

Nikampelekea Gatulida habari.

"Nyumbani mimi mkavu, Gatulida. Nalowa garini tu."

Akafikiri. "Wapo wa namna hiyo. Mbuzi wangu yule mweusi, nyumbani hana tatizo. Mpandishe gari."

"Unanifananisha na mbuzi?"

"Mbuzi amezaa mara nyingi kama wewe, usimdharau."

Tukacheka, lakini nilipofika kwangu nikakaa kitandani nikalia kidogo. Mtu ukiambiwa na macho ya watu wote kwamba umeharibika, mwili wenyewe unaanza kusadiki.

Sasa ngojeni niwaambie kilichokuwa mbele yetu. Mjukuu wangu Nakitto alikuwa anakaribia kwanjula yake, siku ambayo wakwe wanakuja kwa msafara na mavikapu kujitambulisha na kumwomba binti. Mimi ndiye niliyemlea Nakitto, Prosi alipokuwa akisafiri na biashara zake. Siku ya kwanjula jaja wa bibi harusi, yaani bibi yake, anakaa kwenye mkeka wa mbele, upande wa akina mama, na wakwe humpa busuti mbele ya watu. Tangu Nakitto akiwa hajaota meno ya mbele tulipatana: "Jaja, mkeka wa mbele ni wako." Nilikuwa nimeshausuka mkeka wenyewe.

Prosi akaja Jumatatu ya wiki ileile ya kwanjula, peke yake, na kifurushi kilichofungwa kwenye kitenge. Akapiga magoti, akanisalimu kwa adabu zaidi ya kawaida. Nikajua kuna ubaya.

"Nini hiki?"

"Ni vitu vya… vya safari, Mama."

Nikafungua. Nepi. Kubwa, za mtu mzima.

"Safari ya wapi, Prosi? Ya kurudi utotoni?"

"Mama, siku hizi wengi wanavaa. Hata mama wa mchungaji."

"Mama wa mchungaji haoni, hasikii, na anamwita mchungaji 'binti yangu'. Ndiye mwenzangu huyo?"

Akatazama vidole vyake. "Tulifikiri labda siku hiyo upumzike. Kutakuwa na watu wengi, jua, kukaa chini muda mrefu. Tutakuletea chakula. Tutakuletea na picha."

"Tulifikiri nani? Nakitto?"

Akaanza kukikunja kile kitenge.

"Nakitto amesema nisije?"

"Nakitto hajui. Nimesema mimi." Akaanza kulia, naye Prosi akilia ana uso ule ule wa alipokuwa mtoto, nikashindwa hata kumchapa kwa maneno. "Mama, kule Gayaza walikuwa wanakonyezana. Mbele ya wakwe wa Nakitto sitaweza. Sitaweza kuwaona wakikutazama vile."

"Mumeo anasema gari linavuja."

"Ndiyo."

"Wewe unaamini linavuja?"

Akapangusa pua kwa kitenge kilichokuwa kimefunga nepi. "Mama," akasema, "mume wangu ni mtu mwema."

Jibu lilikuwa hilo. "Basi tulitafute linapovujia. Likionekana, nakuja. Lisipoonekana, nabaki na nepi zako, nasikiliza redio."

"Usifanye hivyo! Ukianza kutafuta utamwumbua. Watu watasema alidanganya. Amejitahidi kwa ajili yako, Mama, mwache na wema wake."

Mnaona mtego? Gari lisingeweza kutafutwa uvujaji kwa sababu mwenyewe alikuwa amekwisha kusema linavuja. Na yeye hakulitafuta, kwa sababu alijua amebuni. Na hata angetaka, kiti kilikuwa changu, na yeye hawezi kukigusa. Mahali palipositiriwa na adabu, hata Mungu angetaka kuchungulia angepiga hodi.

Alhamisi, mvua kubwa. Ssekabira na Prosi wakaja kuchukua ndizi na mkeka. Gari lilishuka kwangu vizuri, kwenda kupanda likagoma. Matairi yalizunguka kwenye tope jekundu mpaka yakapaka rangi ukuta wa choo. Ssekabira akaita bodaboda akaenda kuangalia mahema ya kwanjula, akasema kupitia kwa Prosi kwamba atarudi udongo ukikauka. Prosi akaingia jikoni kufunga ndizi kwenye majani. Gari likabaki uani kwangu, milango haikufungwa, ufunguo akaachiwa Prosi.

Nikamwita Gatulida kwa kupiga sufuria.

"Lete unga wa muhogo," nikamwambia.

"Tunapika?"

"Tunawinda."

Mawazo haya sikuyatoa shuleni, mimi niliachia darasa la sita. Nilifundishwa na wizi wa kuku. Ukitaka kujua kicheche anaingilia wapi, unamwaga majivu chini, asubuhi unasoma nyayo. Majivu yangechafua gari la watu. Unga ni chakula.

Jua lilikuwa limetoka. Tulifungua milango, tukaitoa ile nailoni, tukasugua kiti kwa matambara makavu mpaka mikono ikauma. Kisha nikanyunyiza unga: kwenye kiti, kwenye mgongo wa kiti, kwenye ule mhimili wa nyuma unaoshika paa, chini kwenye zulia. Gari likawa kama mwali aliyepakwa poda na shangazi mlevi. Gatulida akaingia akajikunyata kwenye kiti cha kulia, macho yameelekea kwangu.

"Eresi, nikilowa na mimi tutasema nini?"

"Tutasema mbuzi wako alikuwa na ndugu."

Nikafunga milango. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, Mungu anisamehe, na dumu la maji. Nikamimina taratibu kwenye kioo cha dirisha la nyuma.

"Unaona nini?"

"Nakuona wewe na hayo mapua."

"Unga, bibi! Unga!"

"Mkavu."

Nikamimina kwenye kingo za mlango, nikamimina kwenye boneti ya nyuma. Mkavu, mkavu. Nilifikiri, haya Eresi, ndiyo mwisho. Gari zima, ni wewe unayevuja. Karibu nishuke kwenye kinu. Dumu lilikuwa limebaki na maji kidogo, nikayamwaga yote paani, kwa hasira tu, kama mtu anayemwaga maji ya kunawia maiti.

Kisha Gatulida, kutoka ndani, kwa sauti nyembamba: "Eresi."

"Nini?"

"Gari linalia."

Nikafungua mlango. Pembeni kabisa, pale kitambaa cha dari kinapokutana na mhimili, palikuwa pametoka doa. Chini yake, katikati ya ule unga, mstari mwembamba wa maji ulikuwa unateremka polepole kama chozi la mtu asiyetaka aonekane analia. Ukafika kwenye mgongo wa kiti changu, ukajipenyeza nyuma yake, ukapotea ndani ya sponji. Nikasukuma kiti kwa ngumi. Maji yakatoka, tope jeupe.

Sikupiga kigelegele. Nilidhani nitapiga. Nilikaa pale kwenye ukingo wa mlango na kuanza kutetemeka mikono kama Mzee Kalyesubula.

"Mama! Mnafanya nini gari la watu?" Prosi alikuwa amesimama, mikono imejaa majani ya mgomba. "Huo ni unga? Ni unga huo? Leo ndiyo mmeamua kuniua?"

"Njoo usome," nikamwambia.

Akaja amefura. Akaangalia. Ule mstari ulikuwa bado unashuka. Akauweka kidole, akauvunja, ukajiunga tena. Akapiga magoti pale pale kwenye tope, si kwa salamu.

Tukaking'oa kile kiti, maana wanawake watatu hawashindwi na kiti; ukikivuta juu kwa nguvu kinaachia. Chini yake palikuwa na dimbwi, na kando ya dimbwi maharagwe yaliyodondoka siku gani sijui yalikuwa yameota, mabua marefu meupe, yanatafuta jua. Gatulida akasema, "Hata mkojo wako haujawahi kuwa na mbolea hivyo."

Prosi hakucheka. Alisema "Mama" tena na tena.

"Baadaye," nikamwambia. "Fungua dirisha la paani."

Akawasha, kioo kikarudi nyuma. Kumbe kioo kile kinazungukwa na mfereji mdogo kama wa paa la bati, na kwenye pembe yake kuna tundu lisilozidi ncha ya kidole cha mtoto, la kushusha maji mpaka chini ya gari. Mfereji ulikuwa umejaa. Maji yamesimama pale yakisubiri kilima, gari likipanda yanarudi nyuma yote kwa pamoja, tundu haliyapokei, yanavuka ukingo, yanaingia darini, yanashuka kwangu. Nikavunja njiti ya ufagio, nikaichomeka. Ikagonga kitu laini. Nikakorogakoroga, nikavuta.

Likatoka donge, limelowa, rangi ya majani makavu. Nikalifungua kiganjani.

Mabawa. Mabawa ya senene, yameshikamana kama kurasa, na vile vimguu vyao vyenye miiba vimeyashona pamoja.

Gatulida alikuwa upande wa pili, hakuona. Prosi alikuwa amejifunika uso. Nilisimama juu ya kinu na ushahidi wa maisha yangu mkononi, nikasikia bodaboda ikizima pale mlangoni.

Ssekabira alisimama ng'ambo ya gari, kama ipasavyo. Paa lilikuwa kati yetu. Hakunitazama usoni na mimi sikumtazama, lakini mkono wangu ulikuwa paani, wazi, nilisahau kuufunga. Akaangalia kiti kilichong'olewa. Akaangalia unga, maharagwe, mkewe kwenye tope. Nikaona kifua chake kinapanda. Jambo alilolibuni kunisitiri lilikuwa limesimama uani linachuruzika maji.

"Linavuja," akasema.

"Linavuja, sebo," Gatulida akajibu, kana kwamba ndiye aliyelitoboa.

Ssekabira akainamisha kichwa. Shingo yake yote ilikuwa imeiva. "Mwambie mama," akamwambia Prosi, "nilimtandikia nailoni. Mwambie mimi ni mtu mzima na ninauza magodoro na sikunusa. Sikukaribia hata kunusa. Anisamehe."

Hapo ndipo Prosi alipoinua uso. "Na ni nini kilichoziba?"

Ssekabira aliangalia kiganja changu. Nilijua anakumbuka Masaka. Alikuwa amekohoa njia nzima. Lile lilikuwa bawa, mtoto wa Kiganda hakosei bawa la senene. Akapeleka mkono wake taratibu juu ya paa, akauzuia kabla haujanifikia, akapuliza. Yale mabawa yakadondoka upande wake. Nikasikia kiatu chake kikiyakanyaga kwenye tope.

"Majani," akasema. "Yale ya mti wa jirani kule nyumbani. Nitamwambia aukate."

Na mimi nikanyamaza. Nina mdomo mkubwa, muulizeni yeyote, lakini siku hiyo ulinikataa. Nilikuwa nimelowa mara mbili mbele za watu, na aibu yote ile haikufikia hii ya kukauka.

Walikausha gari, Ssekabira akaleta sponji mpya kutoka dukani, Prosi akaishona. Jumamosi nilipanda gari, nikafika mkavu kama mkate wa juzi. Nepi nilimpa Gatulida amvalishe mbuzi.

Mahema yalikuwa meupe, watu wamejaa, akina mama wamepanga mistari. Nakitto alikuwa ndani anapambwa. Nikakuta mkeka wangu umetandikwa mbele, mahali pake. Nikakaa.

Chakacha.

Nikapapasa chini ya mkeka. Nailoni. Si Prosi aliyeiweka. Alipoisikia alitoa macho. Ni mtu mwingine tu, mwema, shangazi fulani wa upande wa baba, aliyefikiria mbele. Wema ulikuwa umeenea kijiji kizima kama homa.

Kisha Ssekabira, akiwatambulisha jamaa kwa wageni, akafika kwangu. Akageukia pembeni kwa adabu, akashika kipaza sauti akasema, "Na huyu ni mama yetu. Na ndugu zangu, gari langu kweli lilikuwa linavuja. Tumelitengeneza. Ni majani yaliziba."

Nikawaona. Hema zima likatikisa kichwa. Wanaume wakasema, "Eh, magari haya." Mzee mmoja wa upande wa wakwe, ambaye hata hatujuani, akanitazama kwa huruma, akatazama chini. Ukweli ulikuwa umevaa nguo za ule uongo, na hakuna aliyeutofautisha nao. Majani! Nani hawezi kubuni majani? Nakitto angetoka sasa hivi na kumkuta jaja wake amekalia nailoni, na maisha yake yote angenisitiri na yeye.

Nikasimama. Prosi akasema "Mama" kwa pumzi. Sikumwelekea mkwe, niliwaelekea wageni.

"Si majani," nikasema. "Mkwe wangu ni muungwana, anasema majani. Yalikuwa mabawa ya senene. Nilinunua mfuko njiani kutoka Masaka, nikawanyonyolea ndani ya gari lake, binti yangu akinikataza. Niliomba nifunguliwe dirisha la paani, mabawa yakaingia kwenye tundu la maji, maji yakanirudia mimi mwenyewe makalioni. Nimetembea nimelowa mbele ya kanisa kwa ajili ya ulafi wangu. Na senene wenyewe niliwaunguza."

Kimya kikawa kile cha kwaya. Kisha yule mzee wa wakwe akaanza kucheka. Alianza puani, kicheko kikamshukia tumboni, akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Niliwaunguza!" akasema. Hema likapasuka. Wanawake walipigana mabega. Wakaniamini, unajua. Nani angejibunia aibu ya namna hiyo?

Lakini nilipogeuka kukaa nilimwona Ssekabira. Hakucheka. Alikuwa amesimama na kipaza sauti, uso umemshuka kama mtu aliyevuliwa kofia hadharani. Nilikuwa nimemwumbua, vile vile Prosi alivyoonya, ila kwa upande mwingine: wema wake wa mara ya pili nilikuwa nimeutupa mbele ya wageni wake. Nikainamisha kichwa kumwelekea, kwa mbali, kama mke mdogo. Kisha akakohoa. Kikohozi kirefu, kikavu, kile cha njia ya Masaka. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Nakitto akatoka, wakwe wakanipa busuti, ya kijani, ambayo ikilowa haisemi. Nikaichomoa ile nailoni chini yangu, nikampitishia Gatulida akaikalia mwenyewe kwa ajili ya ubaridi. Nikaomba chai. Nikaomba nyingine. Nilikuwa na deni na birika.

Baadaye nikanyanyuka kwenda chooni, kama mtu yeyote aliyekunywa chai. Nikatembea wima, polepole, katikati ya mahema yote mawili, nikihisi kila jicho la ukoo huu na ule limetua kwenye makalio yangu, likiangalia kama pamekauka.